Mbuzi wa Ntheo Hawana Risiti

Siku hizi hapa Machakos ukikutana na mtu mliyepoteana naye kitambo, hakuulizi tena kama mvua imefika kwenu au kama mbaazi zimeshika. Anakuuliza, "Na nyinyi mnaenda lini?" Wapi, haulizi. Imeshachukuliwa kwamba kila mwenye akili timamu yuko njiani kwenda majuu, na aliyebaki amebaki kwa sababu pasipoti yake haijatoka. Hata gavana wetu wa kwanza, Alfred Mutua, aliyetumia mihula miwili kuutangazia ulimwengu kwamba Machakos ndipo pa kuwa, tangu Agosti 2024 ni Waziri wa Leba, na tunachomsikia akikinadi redioni ni mpango wa Kazi Majuu. Aliyetukaribisha ndiye anayetusindikiza. Simlaumu, wizara ni wizara.

Nyumbani kwangu anayetakiwa huko majuu si mimi. Mke wangu ni muuguzi. Mimi nina duka la saruji, mabati na misumari, na mpaka leo sijasikia nchi yoyote ya Ulaya ikilia kwamba imepungukiwa na watu wa kupima misumari kwa kilo. Kwa hiyo katika safari hii mimi ni mzigo, na fomu hazinifichi: jina la mama watoto liko juu peke yake, langu liko chini, kundi moja na binti wa gredi ya sita na kitinda mimba ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Niliuliza kama kuna kisanduku cha kuandika kwamba nyumba tunamoishi nimeijenga mimi. Hakipo.

Wasiojua hudhani kazi ni kuchagua nchi: wapi baridi ni ya kuvumilika, wapi mishahara inaeleweka, wapi kuna Wakamba wa kutosha ili mtu asikose muthokoi siku ya Jumapili. Nchi ni rahisi. Ugumu ni kwamba kila viza inakuja na jamaa iliowachagua yenyewe. Hii inamkubali mke lakini haimtaki mtoto aliyetimiza miaka 18. Ile inawachukua watoto lakini inamnyima mume kazi. Nyingine inakutaka wewe peke yako na mikono yako, roho ibaki Machakos ikichunga mbuzi. Unakaa mezani ukidhani unapanga safari, kumbe unapanga nani abaki, na kuna mtu usiyemjua, katika ofisi usiyoijua, aliyekwisha kukupangia.

Washauri hawakosekani. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni wa Ujerumani. Tangu Rais Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz, washuhudie mkataba wa uhamiaji ukitiwa saini mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, huyu kijana hasalimii watu kwa Kiswahili wala Kikamba. Alisikia kuna nafasi 250,000 za Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha upesi, ikasema mkataba hauna idadi yoyote ndani yake, lakini kanusho hilo halikufika huku kwetu Kyumbi. Huku bado tunahesabu 250,000.

Shemeji anaipigia hesabu kadi inayoitwa Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Unakusanya alama sita kwa elimu, umri, lugha na uzoefu wa kazi, kisha unapewa mwaka mmoja ukatafute kazi huko mwenyewe. Sasa uliza habari ya familia. Mtafuta kazi huyo alitakiwa mwaka wa 2025 aonyeshe kwamba ana euro 1,091 za kila mwezi, yaani karibu shilingi milioni 2 kwa mwaka mzima, na mke na watoto kwa kawaida hawaandamani naye. Nikamwuliza, "Shemeji, mtu mwenye milioni mbili taslimu anaacha mke na watoto akatafute kazi?" Akanijibu kwa Kijerumani. Aliyekwisha kupata kazi anaweza kumwita mkewe baadaye, lakini mara nyingi mke naye hudaiwa kwanza cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1. Ndoa inasubiri sarufi.

Jirani yangu mwenye duka la dawa za mifugo ni wa Marekani. Kwa miaka mingi amecheza ile bahati nasibu ya viza, ya hadi watu 55,000 kwa mwaka, na ndiye aliyenieleza sharti lililovuruga nyumba za watu. Unapojaza, lazima umtaje mume au mke, na kila mtoto wako ambaye hajaoa wala kuolewa na hajafika miaka 21, hata kama haishi nawe, hata kama hana nia ya kwenda popote. Ukimficha mmoja na ikajulikana, mmetupwa nje nyote. Basi mfikirie mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima zake, ameketi saiba karibu na stendi ya magari, mkewe kando yake akisoma tarehe za kuzaliwa kutoka kwenye vyeti, na kijana wa saiba anauliza kwa sauti ya kusikika, "Hao ndio watoto wote, mzee?"

Kimya kilichofuata kilisikika mpaka Kangundo. Jirani anasema mzee alikohoa, akaomba maji, akasema fomu itamaliziwa kesho. Wamarekani wana mashirika yao ya ujasusi yenye sifa kubwa, lakini sijui kama wana chombo kikali kuliko kile kisanduku cha watoto.

Kanada nitaipita upesi kwa sababu baridi yake inanitisha hata kwenye picha. Zamani kidogo mama alikuwa anakwenda kusoma chuoni, na baba anapata kibali cha kufanya kazi yoyote. Tangu tarehe 21 Januari 2025 mwenzi wa mwanafunzi hapati kibali hicho ila kama anayesoma yuko kwenye uzamili wa miezi 16 au zaidi, uzamivu, au kozi chache za kitaaluma zilizotajwa. Nani wa rika letu ana nguvu za uzamivu?

Na Ghuba? Binti mmoja wa ukoo wetu yuko Saudia, kazi za nyumbani. Viza yake haijui kama ana mtoto. Wale wenye kazi za ofisini wanaruhusiwa kuishi na familia, lakini tangu 2017 serikali ya huko hutoza kila jamaa wa mfanyakazi mgeni: ilianza riyal 100 kwa mwezi, ikapanda mwaka hadi mwaka mpaka ikafika 400 mwaka wa 2020. Mke na watoto wawili ni riyal 1,200, zaidi ya shilingi 40,000 kila mwezi, kwa raha ya kula chakula cha jioni na watu wako. Babu zetu hapa walitozwa na Mwingereza kodi ya kibanda, wakanung'unika mpaka makaburini. Walau kibanda kilikuwa chao.

Tukabaki na Uingereza, na hapo kichwa kikaanza kuniuma hasa, maana Uingereza hubadilisha masharti wewe ukiwa bado unachapisha fomu. Februari 2022 iliwafungulia watunza wazee. Walioondoka mwaka huo na uliofuata waliondoka na waume, wake, watoto na sufuria. Tarehe 11 Machi 2024 ikasemwa mtunza wazee aje peke yake. Tarehe 22 Julai 2025 ikasemwa sasa wanaotoka ng'ambo wasije kabisa. Wanafunzi nao, tangu 1 Januari 2024, anayekwenda kusoma uzamili wa kawaida wa darasani hapeleki mtu. Mpaka awe wa utafiti. Matokeo yake unayaona katika mtaa mmoja. Wanawake wawili, kazi moja, umri mmoja, hata kanisa moja: aliyewahi Februari 2024 anawapeleka watoto wake shule kule Birmingham, aliyechelewa hadi Aprili anawaona jioni kwa WhatsApp, na huku nyanya yao anageuza simu kichwa chini akiuliza mbona mama yao amelala.

Muuguzi, ashukuriwe Mungu, bado anaruhusiwa kwenda na familia. Tena viza yake ya afya inamsamehe ile ada ya matibabu. Wahamiaji wengine hulipa pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, zote kwa mpigo, kabla hata hujapiga chafya. Familia ya watu wanne (ndivyo wanavyotuhesabu, nitafika hapo) kwa miaka mitatu ni pauni 10,866. Niliipiga hesabu hiyo nyuma ya daftari la wadeni wa duka: zaidi ya shilingi milioni 1.8. Yaani mimi, mwenye duka, nimesamehewa hizo zote kwa sababu ya sindano za mke wangu. Baada ya hapo nilipunguza maneno kuhusu mpangilio wa majina kwenye fomu.

Lakini kwanza Kiingereza. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi. Miezi michache baadaye Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, akaliambia taifa kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliopita. Sisi! Sisi tuliosoma shule za vijijini tukivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kikamba uwanjani! Kama kile kibao hakikuleta Kiingereza, kilileta nini? Bodi ya wauguzi ya Uingereza inataka alama 7 za IELTS katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kwa hiyo nyumbani kwangu sasa hivi hakuna Kiswahili. Juzi mama watoto alinisimamisha mlangoni, nimebeba sukuma wiki, akaniambia nizungumze kwa dakika mbili kuhusu faida na hasara za kulipa karo mapema. Alikuwa ameshika saa. Nilizungumza. Akasema mawazo ni mazuri lakini hayakuunganishwa vizuri.

Kisha ikaja habari ya ndoa.

Waingereza wanataka uthibitisho kwamba huyu ni mke wangu. Kwa Mkamba uthibitisho ni mbuzi. Mbuzi wa ntheo walipelekwa, wakapokelewa, na tangu siku ile hakuna mtu upande wa huku wala wa kule aliyewahi kuuliza huyu ni mke wa nani. Hata mahakama za Kenya zinaijua ntheo. Kesi ngapi za urithi zimeamuliwa kwa kuuliza tu kama wale mbuzi walifika? Shida ni kwamba mbuzi wa ntheo hawana risiti, na hata wangepewa wangeitafuna.

Sheria ya Ndoa ya 2014 ina dawa yake. Ndoa ya kimila husajiliwa, nawe ukapewa cheti sawa na waliofunga kanisani kwa keki ya ghorofa. Ila sheria inataka mashahidi wawili wazima, na si mashahidi wa barabarani: wawe watu waliokuwa na jukumu muhimu la kimila katika ndoa hiyo. Umeuona mtego? Watu wenye jukumu muhimu ni wazee. Wazee wenyewe ndio hao hao wanaonidai. Serikali, kwa nia njema kabisa, imenirudisha kwa baba mkwe.

Tulimkuta ameketi chini ya mwembe na kaka yake mkubwa, aliyewapokea wale mbuzi.

"Karibuni, wanangu. Nasikia mnaenda kwa Wazungu."

"Ndiyo, baba. Tunaomba saini tu."

"Saini ya nini?"

"Ya kuthibitisha kwamba mila ilitimizwa."

Baba mkwe akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama zizi.

"Ilitimizwa?" akauliza kaka mtu, taratibu.

"Ilianza," akajibu baba mkwe.

Kuanzia hapo saini ikageuka baraza. Mtoto akatumwa ndani, akarudi na daftari la shule ambalo katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kulisikia likitajwa. Kumbe risiti ipo, ila iko upande wao. Mbuzi wangu wote wamo kwa kalamu ya bluu, waliofika na ambao hawajafika, pamoja na blanketi la mama mkwe lililoandikwa peke yake kwenye ukurasa wake na kupigwa mstari chini. Nilipooa, mbuzi alikuwa na bei ya kuzungumzika. Nenda leo sokoni ukamshike mbuzi sikio uone utakavyoambiwa. Nikapendekeza, kwa adabu zote, tuhesabu kwa bei ya siku zile. Baba mkwe ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Akaniuliza tu, "Mwanangu, huko unakokwenda mtalipwa kwa pauni ya leo au ya siku zile?"

Saini ilipatikana baada ya mbuzi kupatikana. Mama mkwe alipata blanketi lake, akalikunjua hapo hapo tukitazama, akalinusa, akasema ni jembamba.

Nikadhani mabaya yamekwisha, ndipo nikasoma sharti la pesa. Mwajiri asipokubali kusimama badala yako, benki lazima ionyeshe kwamba una pauni 1,270 za mwenye viza, 285 za mwenzi, 315 za mtoto wa kwanza na 200 za wa pili, na zimelala humo siku 28 mfululizo. Jumla ni pauni 2,070, karibu shilingi 350,000. Aliyebuni sharti hili hajawahi kuishi Machakos. Pesa zinapatikana. Kulala ndiyo hazilali. Hapa pesa ikikaa siku tatu kwenye akaunti, kuna mtu ameshaota ndoto kuihusu. Siku ya nne unaongezwa kwenye kundi la matanga. Siku ya tano kundi la harusi, ambako umewekwa mwekahazina msaidizi bila kuulizwa. Kisha chama cha kina mama kina zamu, mwalimu mkuu ana ujumbe kuhusu basi la shule, na fundi niliyemkopesha saruji ana habari mbaya. Salio likiteleza chini ya kiwango hata siku moja tu, zile 28 zinaanza upya. Sisi zetu zilikuwa zimeanza vizuri kabisa mpaka shemeji wa Kijerumani akafika usiku akiomba ada ya mtihani wake. "Nitarudisha Ijumaa," akasema. Hakutaja ya mwezi gani.

Vipimo navyo. Mkenya anayekwenda Uingereza kukaa zaidi ya miezi 6 lazima apimwe kifua kikuu, na kipimo chenyewe hufanywa Nairobi kwenye kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Ushauri wangu: ukitoka huko, nyamaza. Nilimwambia mtu mmoja tu kwamba nakwenda kupigwa picha ya kifua. Jioni mchungaji alibisha hodi akiwa na chupa ya uji, na wateja wawili wakaanza kulipa kwa M-Pesa kutoka nje ya mlango. Cheti hicho huishi miezi 6. Maana yake ni kwamba mbuzi, pesa, Kiingereza na mapafu lazima viive siku moja.

Cheti cha polisi cha tabia njema ni shilingi 1,050, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, isipokuwa kwa mtu wa saruji. Afisa alinishika kidole, akakipaka wino, akakikandamiza kwenye karatasi, akaitazama karatasi, akakirudia. Mwishowe akaniambia kwa huruma, "Mzee, wewe huna vidole." Tabia njema ninayo. Ushahidi ndio umelika.

Haya yote ningeyavumilia nikicheka. Kuna jambo moja siwezi.

Tuna kijana wa miaka 14. Ni mtoto wa marehemu ndugu yangu. Alikuja kwetu hajajua kutembea, ananiita baba, mke wangu anamwita mwanangu, na hakuna mwalimu, daktari wala chifu aliyewahi kutuuliza zaidi. Kwenye fomu hayupo. Hatukumzaa sisi, hakuasiliwa mahakamani, kwa hiyo mbele ya viza ni mtoto wa watu. Kwa mila yetu mtoto wa ndugu haasiliwi, anaongezewa sahani. Wakili mmoja hapa mjini alinieleza kwamba njia ipo. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu jamaa kumwasili mtoto wa jamaa: ripoti ziandikwe, maafisa waje kuiangalia nyumba, mahakama iridhike, halafu ndipo wenye viza nao waangalie kama wameridhika. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza niende nimshtaki nani ili mtoto wangu awe mtoto wangu. Akasema hiyo si kesi ya kumshtaki mtu. Akanitajia ada yake.

Mama yangu naye nilimwulizia, kwa kuwa sikutaka isemwe sikuuliza. Kwa kawaida Uingereza humpokea mzazi mzee ikiwa mwanawe tayari ni raia au mkazi wa kudumu, na mzazi mwenyewe awe hajiwezi kwa kazi za kila siku, na asiwe na namna ya kutunzwa kwao. Mama yangu hupanda vilima vya Iveti na mtungi wa lita 20 mgongoni, akifika juu ndiye anayekuuliza kama umechoka. Afya yake inamharibia. Nilipomweleza, alinitazama kama mtu aliyeharibikiwa. "Mwambie huyo Mzungu sitaki kwenda," akasema. "Nilitaka tu niulizwe."

Na hawa Waingereza ndio watu ambao mwaka wa 1892 walimleta John Ainsworth hapa Masaku kuendesha kituo cha kampuni yao. Nani alimpiga picha ya kifua? Nani alimwuliza kama pesa zake zimelala siku 28, au kama anajua Kikamba cha kiwango cha A1? Alijenga, akatawala, na alipoona reli imetupita, mwaka wa 1899 makao yakahamishiwa Nairobi, nasi hatukuagwa. Hata leo sisi si wagumu. Tangu Januari 2024 Kenya inatangaza kwamba mgeni haombi viza. Anajaza fomu mtandaoni, anatoa dola 30, anakuja kuwatazama ndovu. Hakuna anayemwuliza kama aliyeketi naye kwenye gari ni mkewe.

Kwa shida kama hizi lazima atokee ajenti, na wetu alitokea. Ana ofisi ya ghorofani, bango la ndege, na kalenda ya mwaka jana. Anauza kitu anachokiita kifurushi cha familia: mama anakwenda kwa viza ya kazi, baba na watoto wote, pamoja na yule kijana, kwa viza ya matembezi, "na mengine mtajipangia huko huko." Nikamwuliza: viza ya matembezi ya Uingereza si ni ya miezi 6, bila ruhusa ya kazi wala ya kuhamia? Na mtu akigunduliwa amedanganya kwenye maombi, si hufungiwa mlango miaka 10? Akaniambia, "Mzee, wewe unasoma sana." Nilishuka ngazi. Wazazi wa Uasin Gishu walilipa malaki ya pesa kwa mpango wa kaunti yao wa kupeleka watoto kusoma Finland na Kanada; mwaka wa 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao, na mambo yakafika kortini. Ile ilikuwa kaunti, yenye nembo na bendera. Huyu ana kalenda.

Kwa hiyo mnaoniuliza tunaenda lini, jibu ni hili. Cheti cha ndoa tunacho. Mapafu ni safi. Mama watoto anangoja tarehe ya mtihani, na akipita viza ya watu wanne tutaipata. Sisi tuko watano. Wakili nimeshamlipa nusu, na mpaka kesi ya kijana iamuliwe hakuna anayepanda ndege hapa. Mama watoto ndiye aliyesema hivyo, kwa Kiingereza, na mawazo yake yalikuwa yameunganishwa vizuri.

Na wewe shemeji, najua unaisoma safu hii kwa sababu gazeti hulichukua dukani kwangu bila kulipa. Ijumaa zimepita nyingi. Rudisha zile pesa tuanze kuhesabu siku 28.